Fungueni mashine kwanza, ndipo mniuzie nyingine

Sahare,
Tanga.
16 Juni 2025

Meneja,
Tawi la Tanga.

Ndugu Meneja,

YAH: MASHINE YA KUFYEKEA MAJANI NILIYONUNUA KWENU TAREHE 12 AGOSTI 2024

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzee mstaafu wa hapa Sahare, na ni mteja wenu wa risiti, si wa maneno. Mashine yangu ililala kwenye karakana yenu siku 18. Ikarudi na karatasi yenye mstari mmoja: "Injini imekufa, pistoni imechubuka, inashauriwa kununua mpya." Nawaandikia kwa sababu mashine hiyo hamkuifungua. Najua neno hilo ni zito, kwa hiyo nitaeleza nilivyojua.

Kiwanja changu si kikubwa. Kina minazi sita, miembe miwili na vyumba viwili vya wapangaji uani, lakini masika ikishika, majani hayamsubiri mtu. Miaka yote nilikuwa namwita kijana na fyekeo lake, anamaliza kwa siku mbili, namlipa. Mgongo wake ulipoanza kulalamika tukakubaliana: mimi ninunue mashine, yeye aendeshe. Nikaja kwenu, nikalipa Sh 420,000, nikapewa risiti ya EFD na kadi ya waranti ya miezi 12. Kwa hesabu yangu waranti hiyo inaishi hadi Agosti mwaka huu.

Binti wa kaunta alinielekeza vizuri, hilo siwanyimi. Lita moja ya petroli, mililita 40 za oili ya tu-stroku (injini hizi hulainishwa na oili iliyochanganywa kwenye petroli), tikisa, ndipo umimine. Mimi vifuniko vya chupa siviamini kwa kupimia, kwa hiyo nilipita duka la dawa nikanunua bomba la sindano la mililita 20. Mara mbili, arobaini. Bomba hilo hadi leo linaning'inia msumarini stoo, limegeuka rangi ya oili. Nalitaja kwa sababu swali la kwanza niliporudi kwenu halikuwa "mashine ina tatizo gani", lilikuwa "mzee, una hakika ulichanganya oili?" Na kijana wangu alikuwa amesimama pale pale, akainamisha kichwa kama mtu aliyeshikwa na kuku wa jirani.

Mashine iligoma Jumamosi ya tarehe 10 Mei. Asubuhi iliwaka vizuri. Baadaye ikawa ukiiacha taratibu inanguruma, ukipiga resi inazima. Tukabadilisha plagi, hali ile ile. Tukamwaga mafuta, tukachanganya mapya, hali ile ile. Kisha nikajaribu kitu kimoja: nikafunga choki nusu. Ikapata nguvu, ikakata majani kama dakika mbili. Nikaifungua choki, ikafa. Fundi yeyote aliyewahi kushika injini ndogo anaelewa maana yake: injini haipati mafuta ya kutosha. Choki inapobana hewa, uwiano wa hewa na mafuta unakaribia kukaa sawa na injini inapumua. Ugonjwa huo mara nyingi uko kwenye chujio la tenki, kwenye mpira wa mafuta uliopasuka, au ndani ya kabureta, inayochanganya hewa na petroli, kwenye daiframu, kile kiwambo chembamba kinachopaswa kuwa laini kama ulimi na ambacho kikizeeka kinakakamaa kama ngozi ya ngoma. Silinda haihusiki hapo.

Yote haya niliyaandika kwenye karatasi, nikaifunga kwa uzi kwenye mpini wa mashine, nikawaletea tarehe 12 Mei. Karatasi ilirudi na uzi wake, na fundo langu lile lile.

Tarehe 30 Mei mkanipigia simu nije kuchukua. Nikaambiwa kutengeneza ni Sh 260,000, yaani silinda, pistoni, ringi na ufundi, na kwamba waranti haihusiki kwa sababu ni kosa la mtumiaji. Halafu, kwa sauti ya huruma kabisa, nikaambiwa kwa pesa hiyo ni heri ninunue mpya ya Sh 450,000, nitapunguziwa 30,000 kwa kuwa ni mteja wa zamani. Mteja wa zamani, miezi tisa! Hapa kwetu husemwa waja leo waondoka leo, ila sikujua kama msemo huo unahusu na mashine.

Nikamwomba kijana wenu wa karakana tufanye jambo moja hapo hapo, halihitaji spana. Kijana wangu akashikilia bomba refu la mashine, mimi nikashika mpini wa kamba ya kuwashia, nikaiacha injini ining'inie kwa uzito wake. Injini iliyokwisha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, huporomoka kama ndoo iliyokatika kamba. Hii ilishuka kidogo, ikakaza, ikasubiri, ikashuka tena kidogo, mwendo wa mzee anayeteremka ngazi. Kijana wenu aliitazama hadi mwisho. Akasema, "Mzee, mimi nimeambiwa nikukabidhi tu." Simlaumu, na naomba barua hii isimletee matatizo.

Sasa nije kwenye rangi ya kucha.

Nilifanya kazi miaka 22 katika karakana ya shamba la mkonge, upande wa Muheza, nikihudumia korona, ile mashine kubwa inayoparua majani ya mkonge yakabaki nyuzi. Korona inatikisika kutwa kucha, na boliti hulegea bila kuaga. Kwa hiyo tukishakaza boliti, tulikuwa tunapiga mstari wa rangi kuanzia kichwani mwake hadi kwenye chuma cha pembeni. Asubuhi unapita unatazama tu: mstari umekatika, boliti imezunguka. Tabia hiyo imenigomea kuacha. Siku nilipoileta mashine yenu nyumbani nilifungua kava ya plastiki, nikaazima rangi ya kucha ya mjukuu wangu, nyekundu ya kung'aa, nikapiga mstari kwenye kila boliti ya silinda na ya kabureta. Sikuwa nawatega. Nilikuwa naogopa mtikisiko. (Mjukuu alidai chupa mpya kama fidia na amelipwa.)

Jioni ya tarehe 30 nikafungua kava, nikawasha tochi ya simu. Mistari yote imenyooka. Hakuna hata mmoja uliokatika. Unga wa majani makavu uliogandamana katikati ya mapezi ya silinda ulikuwa haujaguswa hata kwa kidole. Ndugu Meneja, pistoni iko ndani ya silinda. Kama boliti hazikuzunguka, mchubuko mliuona kwa macho yapi?

Mtu anaweza kusema fundi wenu alichungulia kupitia tundu la ekzosi. Inawezekana, njia hiyo ipo, na ni nzuri. Unatoa ekzosi, unavuta kamba polepole, pistoni inapita mbele ya tundu na unaiona ubavu wake. Injini iliyokimbia bila oili ina mikwaruzo ya kusimama, kutoka juu kwenda chini, kana kwamba mtu amepitisha uma kwenye siagi. Kwa hiyo, tarehe 2 Juni, nilitoa boliti za ekzosi mwenyewe. Nakiri hilo, silifichi. Ubavu wa pistoni ni laini, una masizi kidogo upande wa juu, alama za kiwandani bado zinasomeka. Nimepiga picha, nimeambatanisha tatu. Na kabla sijazitoa boliti hizo zilikuwa na kutu ya chumvi ya bahari iliyozifunga kabisa, kutu ambayo ingekuwa imepasuka kama mtu angezigusa wiki mbili kabla.

Kama mnataka kuniambia kuwa waranti imekufa kwa sababu nimetoa ekzosi, niambieni kwa maandishi.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na kununua kipya. Nimezika mashine nyingi kwa mikono yangu na sikulia. Beringi za krenki zikiisha, silinda ikichubuka kweli, spea ikawa inapita nusu ya bei ya mashine nzima na hata hiyo spea usubiri miezi mitatu, hapo kutengeneza ni ukaidi wa mzee tu. Mwaka juzi pampu yangu ya maji ilifika hapo. Fundi wa Ngamiani aliifungua mbele yangu, akaniwekea vyuma juu ya gazeti, akaniambia, "Mzee, hapa utanilipa mimi bure." Nikamshukuru, nikampa ya soda, nikanunua nyingine siku hiyo hiyo. Sikubishana kwa sababu nilioneshwa.

Ninyi hamkunionesha kitu. Mmenitaka nichague kati ya 260,000 na 420,000, wakati chaguo la tatu mmelificha: daiframu za kabureta. Nimeulizia Kariakoo kwa simu; paketi yake ni Sh 9,000, na kuja Tanga na parseli ya basi ni 5,000. Hata kabureta nzima ni 35,000. Kwa nini basi sijanunua? Kwa sababu kadi yenu ya waranti inasema mashine ikifunguliwa na fundi wa nje, waranti imekwisha. Yaani nikiifungua nimekosa, na ninyi hamuifungui. Mashine imekaa stoo imefunikwa gunia, majani yamefika gotini, wiki iliyopita mpangaji wangu mmoja ameua nyoka mlangoni kwake, na kijana amerudia fyekeo lake na mgongo wake ule ule. Tangu Mei nimeshamlipa mara tatu, Sh 20,000 kila mara.

Kitu kingine. Ile mpya mliyotaka kuniuzia niliiangalia vizuri pale rafuni wakati binti wa kaunta anatafuta karatasi zangu. Rangi imebadilika, kutoka nyekundu imekuwa ya machungwa, na mpini una mpira mzuri zaidi. Kabureta ni ile ile, hadi namba iliyochongwa ubavuni. Ningelipa 420,000 nyingine, na Mei ijayo tungekutana tena kaunta, mimi na kabureta yangu.

Ninachoomba ni hiki. Mashine ifunguliwe mbele yangu. Ikionekana ni daiframu, au chujio, au mpira wa mafuta, mtengeneze kwa waranti bila malipo, kwa sababu hitilafu imetokea ndani ya miezi 12 na ni ya kifaa, si ya mtumiaji. Ikionekana pistoni imechubuka kweli kwa kukosa oili, nitavua kofia, nitawaomba radhi mbele ya wateja wengine, na nitalipa nilichokosea. Na ikionekana imeharibika kwa sababu nyingine isiyo yangu, mnipe nyingine, nzima, si punguzo la 30,000. Vilevile naomba karatasi ile ya "kosa la mtumiaji" ifutwe, na kijana wangu aambiwe hivyo kwa mdomo. Yeye hajadai, ila tangu siku ile kila akichanganya chochote, hata chokaa ya kupaka ukuta, ananiita kwanza nishuhudie.

Sitaki kuwafikisha mbali. Ila mjue kwamba najua Tume ya Ushindani ipo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Kumwambia mtu injini yake imekufa wakati hujaifungua, sijui mwanasheria ataliitaje. Sisi karakana tulikuwa na jina lake na halifai kuandikwa kwa meneja.

Nitafika hapo dukani Jumatatu, tarehe 23 Juni, saa nne asubuhi, na mashine, na kijana, na lile bomba la sindano. Mistari ya rangi sijaigusa. Naomba fundi awepo, na iwepo meza yenye mwanga. Kama spana zitakuwa zimeazimwa, nitakuja na zangu.

Wenu,

Mteja wa risiti ya tarehe 12 Agosti 2024

Viambatanisho: nakala ya risiti, nakala ya kadi ya waranti, karatasi yenu ya tarehe 30 Mei, picha tatu za pistoni na picha mbili za boliti.
Nakala: Jalada.