Barua kwa mpwa wangu wa Bagamoyo anayetaka kurekodi "Usiku Mtakatifu"

Mpwa wangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Habari kwamba Krismasi hii utarekodi "Usiku Mtakatifu" kwa namna yako imenifurahisha mno. Nakujibu hadharani kwa sababu wanakwaya wengi wana swali kama lako, la namna ya kuurekodi wimbo huu vizuri, na wengi wao hukimbilia studio kuuliza biti gani (mdundo uliotengenezwa tayari) iwekwe. Wewe anza na wimbo wenyewe. Ufunguo (kimo cha sauti unachoimbia), maneno na chumba vikikaa sawa, hata simu inatosha.

Kwa majina ya noti, do re mi fa so la ti, wimbo huu unatoka do ya chini hadi fa ya oktavo ya juu. Mwanzo wake, so la so mi, ni mwepesi kwa karibu kila mtu, ndiyo maana waimbaji hujidanganya hapo. Mstari wa pili kutoka mwisho ndio unaopanda hadi ile fa, kisha wa mwisho unateremka kutoka do ya juu mpaka do ya chini, na pumzi imeshakwisha. Kwa hiyo pima ufunguo kwa kuimba mistari hiyo miwili tu. Vitabu vya kwaya mara nyingi huuweka kwenye B-flat. Wewe unaimba sauti ya pili, jaribu G: noti ya juu kabisa itakuwa C, na gitaa litahitaji kodi (noti zinazopigwa pamoja) tatu tu, G, C na D7.

Gitaa nalipendekeza kwa dhati. Joseph Mohr aliandika maneno mwaka 1816, Franz Xaver Gruber akatunga muziki, na usiku wa tarehe 24 Desemba 1818 wakauimba kule Oberndorf, Austria, kwa sauti mbili na gitaa. Mwendo wake ni sita kwa nane, yaani mapigo madogo sita yanayogawanyika katika makubwa mawili, wa kubembea. Ukiuburuta unakufa. Weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye mapigo makubwa 44 hadi 50 kwa dakika. Ukitaka ngoma, na mwendo huo si mgeni kwa wapigaji wa pwani, iwe moja ndogo, ipigwe kwa vidole. Ila mvua za vuli hulegeza ngozi: ipashe moto kabla, na urekodi sehemu zote za ngoma kwa mkupuo mmoja, la sivyo ubeti wa tatu utasikika mzito kuliko wa kwanza. Nyuzi za gitaa nazo huliwa na chumvi ya bahari. Funga mpya siku moja kabla, zivute, zitulie.

Sasa maneno, na hapa usiwe na haraka. Ukibandika "usiku mtakatifu" moja kwa moja juu ya so la so mi, "u" inapata pigo zito na "ku" inavutwa, ilhali sisi tunakazia "si". Itanguliza "u" kabla ya pigo la kwanza. "Si" ichukue so la, "ku" ichukue so, na ile mi ndefu uivunje mara tatu: m-ta-ka. Kisha "ti" inaangukia pigo la kwanza la kipande kinachofuata. Imba hivyo polepole, utasikia Kiswahili kinapumua. Pitia beti zote kwa kanuni hiyo hiyo.

Muziki wa Gruber na maneno ya Kijerumani ni mali ya wote. Tafsiri ya Kiswahili iliyo kitabuni huenda bado ina mwenyewe, kwani hapa Tanzania haki hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baadaye. Omba ruhusa kwa wachapishaji, au tafsiri upya mwenyewe. Na usipakue biti ya mtu mtandaoni. Wimbo wako utadaiwa na mwingine.

Chumba: nyumba za mawe za mji mkongwe zina kuta za chokaa zinazorudisha sauti. Kanisa la misheni, ile iliyofunguliwa mwaka 1868, linaipendeza kwaya nzima, lakini kwa sauti moja ya karibu mwangwi utameza maneno, na mwangwi ulionaswa hauondoki. Tafuta chumba cha kulala, simamisha magodoro nyuma yako na pembeni, tundika mablanketi. Zima feni na friji. Rekodi baada ya isha, bodaboda zikipungua. Mvua ikianza kugonga mabati, acha, hakuna programu itakayoisafisha vizuri.

Simu iwe kwenye hali ya ndegeni. Maiki ikae sentimita 15 hadi 20, pembeni kidogo ya mdomo, ili pumzi ya "p" na "b" isiipige. Vilele vya sauti kwenye kipimo cha programu viwe kati ya desibeli -12 na -6. Sauti ikigonga sifuri inapasuka na haitengenezeki. Hifadhi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), ubora wa biti 24, na nakala kwenye flashi. Vaa hedifoni za waya, kwani za Bluetooth huchelewesha, nawe utaimba nyuma ya gitaa.

Anza na gitaa, kisha sauti kuu ubeti kwa ubeti, mwisho sauti ya chini: mi fa mi do chini ya so la so mi. Kwenye sauti ya chini lainisha kila "s" na "t", kwa sababu zikipishana kidogo tu na za sauti kuu, neno linasikika mara mbili.

Wanaosambaza nyimbo mtandaoni wapelekee faili wiki tatu au nne kabla ya sikukuu, ukiwataja Mohr, Gruber na mfasiri. Kabla ya hapo, sikiliza miksi (sauti zote zikiwa zimeunganishwa) kwenye spika ya simu ya kawaida, maana wengi watausikilizia humo. Gitaa likipotea, ongeza sauti zake za kati, besi iache ilivyo.

Mjomba wako