Mdogo wangu, usingoje safari ya mbali

Mdogo wangu,

Juzi kwenye simu ulisema watoto watatembea siku hela ya likizo ikipatikana. Nilinyamaza, lakini sikukubali. Kisiwa unachokiona ukifungua dirisha ni mlima uliotapika moto, na wanao hawajawahi kukikanyaga!

Wapeleke siku moja tu, asubuhi mwende, jioni mrudi. Wavishe viatu vya kufunika vidole. Mwanangu nilimwacha aende na kandambili, na kabla hatujafika mbali mwamba ukaichana moja. Lava iliyoganda kwa mikunjo laini, kama kamba zilizosokotwa, inatembeka. Ile iliyovunjikavunjika inakata kama chupa. Wahawaii wana jina la kila moja, pahoehoe na aa, na wanajiolojia wa dunia nzima wameyachukua majina hayo. Nilimbeba mgongoni mpaka kwenye boti, naye anacheka.

Beba sumaku. Ile ya mlango wa friji inatosha. Itie kwenye mfuko wa nailoni, kisha iburute juu ya mchanga mweusi. Chembe zitasimama kwenye mfuko kama ndevu, kwa kuwa mawe ya volkeno yana madini ya chuma. Ukiitoa sumaku mfukoni, ndevu zinaanguka zote. Mwanangu alirudia mchezo huo mpaka chakula kikapoa. Halafu nendeni kwenye ufuo wa mchanga mweupe mrudie: hakuna kinachonata. Usiwaambie sababu. Waache wauchunguze viganjani mpaka wenyewe waone vipande vya matumbawe na makombe.

Wakichoka, wasimulie habari za Surtsey, kusini mwa Iceland. Kisiwa hicho kilichomoza baharini Novemba 1963, moto ukazimika Juni 1967, na tangu hapo mawimbi yanakimega. Karibu nusu yake imeshaliwa. Wangu hawakuamini kwamba kuna kisiwa ambacho bibi yao amekizidi umri.

Jambo moja sitaki mzaha nalo, nalo ni maji. Usiende bila kujua yanakupwa saa ngapi. Tangu yakupwe mpaka yajae ni kama saa sita, na kila siku yanachelewa kwa dakika hamsini hivi, kwa hiyo saa ya wiki iliyopita haikusaidii. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ni bamvua: yanatoka mbali, na yakirudi yanarudi kwa kasi. Mimi nilivuka kwa miguu hadi mwamba wa mbele, nikanogewa na kaa na vidimbwi. Nilirudi maji yako kiunoni, mtoto mabegani, na simu nimeiuma kwa meno. Shemeji yako hajanisamehe mpaka leo.

Nimeshaangalia: Jumamosi hii maji yanakupwa saa nne asubuhi. Sumaku ninayo. Nikukute gatini na watoto, na uulize kabisa boti ya mwisho inarudi saa ngapi.

Kaka yako