Binti skauti hatoshwi na ruhusa peke yake

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako tuseme na wazazi wa Mombasa wenye mabinti skauti. Wengi wao si wagumu. Binti akiomba, hukubali. Tatizo huanza Jumamosi. Beseni la nguo linamngoja, mdogo wake hana wa kumtazama, mifereji imekauka na mitungi ya lita 20 haijajazwa. Akikosa mikutano mitatu mfululizo, wenzake katika kikosi washapita hatua, naye huona haya kurudi. Kaka yake, skauti vilevile, hajakosa hata mmoja.

Kwa hiyo anzeni na kazi za nyumba. Nguo zifuliwe Ijumaa jioni, na zamu ya maji ya Jumamosi wapewe wavulana. Mwenye chuo (madrasa) asubuhi, mzazi aseme na kiongozi mapema: mkutano ukianza saa kumi baada ya Alasiri na kumalizika saa kumi na moja na nusu, binti hufika kwao kabla ya Magharibi. Wa Likoni wahesabu na foleni ya feri. Wa mtaa mmoja watoke pamoja na warudi pamoja, hata kwa tuktuk ya kuchangiana.

Sare nayo imewatoa wengi bila sababu. Nunueni kubwa kidogo, fundi akunje upindo wa inchi mbili wa kufumuliwa baadaye. Anayevaa hijabu aendelee kuivaa. Kiongozi aulizwe rangi tu, na skafu ifungwe juu yake. Suruali ikiwa ni mgogoro nyumbani, sketi pana yenye suruali nyepesi ndani inatosha kwa kupanda na kuchuchumaa. Familia isiyotaka kikundi cha wavulana na wasichana ina Girl Guides, waliopo Kenya tangu 1920.

Umri wa Chipukizi, daraja la skauti wa miaka 11 hadi 14 hivi, ndipo wasichana wanapotutoka zaidi, na ndio umri wa hedhi kuanza. Mama, shangazi au dada mkubwa amfungie mfuko wake wa kambi hata kama bado hajaanza: pedi 15 kwa siku tatu, chupi tano, sabuni, mifuko ya karatasi ya kutilia zilizotumika, na leso moja nyeusi. Pedi hubadilishwa kila baada ya saa nne hadi sita, na kambini ratiba ya matembezi huweza kupita muda huo, basi ajue kwamba kuomba kusimama si utovu wa nidhamu. Pedi za kitambaa ni nzuri nyumbani, lakini kambini wasichana huona aibu kuzianika juani, wakazificha chini ya godoro zikabaki na unyevu. Matokeo yake ni mwasho na vipele. Mpeni za kutupa. Dawa ya maumivu akabidhiwe kiongozi wa kike, na kipimo kiandikwe.

Hapo ndipo lilipo swali la kwanza la mzazi kabla ya kutia sahihi: kiongozi wa kike atalala kambini, au atapita mchana tu? Kama hayupo, msitie sahihi. Ulizeni pia kama hema na vyoo vya wasichana viko mbali na vya wavulana, na nani atabaki na watoto usiku. Mtu mzima hapaswi kuwa peke yake na mtoto pasipoonekana na wengine, wala kumtumia binti ujumbe wa faragha kwa simu. Habari za kikundi zipitie kwa mzazi. Kiongozi anayechukizwa na maswali haya amejijibia mwenyewe.

Barua ya ruhusa isiwe mstari mmoja. Iwe na mahali, tarehe ya kwenda na kurudi, gari litakalotumika, nambari mbili za simu za jamaa, nambari ya SHA (bima ya afya ya serikali), na maradhi yote. Pumu na mzio watu huandika. Selimundu hufichwa, na huko ni kumhatarisha mtoto, maana baridi na kukosa maji ya kutosha huamsha maumivu makali.

Baridi yenyewe hatuijui sisi wa Pwani. Kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, liko Nyeri, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na skauti huenda huko kila Februari 22, siku aliyozaliwa, inapokaribia. Usiku joto huweza kushuka hadi nyuzi 12 hivi. Binti wa Kisauni anayefungiwa leso mbili na shuka hatalala. Mpeni sweta mbili, soksi nzito, kofia na blanketi. Miaka ya 2026, 2027 na 2028 siku hiyo iko ndani ya Ramadhani, basi ulizeni mapema daku itapikwa saa ngapi na futari italiwa wapi. Kwa kambi za huku kwetu mambo ni kinyume: mkeka, leso na chandarua vyatosha, na chupa ya maji ya lita mbili ni lazima. Mzigo wote usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wake. Binti wa kilo 40 abebe kilo nane. Afunge begi mwenyewe. Mama akimfungia, atafika kambini asijue tochi iko wapi.

Mazoezi ya nyumbani ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kateni kamba ya mita tatu, nene ya milimita nane, afungie kitandani. Fundo la kufunga ncha mbili za kamba ni kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Likiwa sawa hulala bapa, na ncha na kamba yake hutokea upande mmoja. Ncha zikisimama msalaba, amerudia mkono uleule, na hilo litateleza. Baba anaweza kulikagua hata kama hajawahi kuvaa skafu. Siku nyingine apikie watu wanane kwa kuni: mchele kilo moja, maji vikombe viwili kwa kila kikombe cha mchele. Sufuria apake sabuni nje kabla ya kuiteleka, masizi yatatoka kwa urahisi.

Lakini asiwe mpishi wa kambi nzima. Kuna kambi ambako wavulana husimamisha hema na wasichana hupelekwa jikoni moja kwa moja, na viongozi wenzetu hujitetea kwamba "wamezoea". Akirudi, muulizeni alifanya nini kila siku. Kama jibu ni kupika tu, mpigieni kiongozi wiki hiyohiyo, kabla ratiba ya kambi ijayo haijapangwa.

Walezi wa skauti wa kujitolea,
Mombasa