Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kila Kanuni na Tarehe Yake ya Mwisho

Ndugu wanachama,

Nianze na mambo ya ndani, maana hayana mengi. Kamati tendaji imekutana kila robo mwaka kama katiba yetu inavyotaka. Hesabu zimekaguliwa, na mweka hazina atazisoma baada yangu. Mwenye swali la ada amsubiri yeye. Wanachama wapya wameingia na wengine wametoka. Waliotoka, wengi wao hawakugombana nasi: wamefunga biashara. Niliwatafuta baadhi yao nikawauliza kulikoni. Hakuna aliyeniambia wateja wamekwisha. Waliniambia wamechoka.

Uchovu huo ndio nitakaouzungumzia, mengine mtayasoma kwenye kabrasha.

Chama hiki cha wafanyabiashara wadogo hakijawahi kupinga kodi. Barabara tunazopitishia mizigo zinajengwa kwa kodi, na mahakama tunazokimbilia mdaiwa anapotukwepa zinaendeshwa kwa kodi. Mwaka huu walijitokeza wenzetu waliotaka tugome kulipa. Kamati ilikataa, na mimi nasimamia uamuzi huo. Tunacholalamikia ni kwamba tunalipa, halafu tunalipa tena ili kuthibitisha kwamba tulilipa.

Chukueni mfano wa mwenzetu mwenye karakana ya useremala, yeye na vijana wachache. Alikuja afisa wa zimamoto akamwagiza atundike mtungi wa kuzimia moto kando ya mlango. Akautundika. Baadaye akaja mkaguzi wa usalama mahali pa kazi, akaukuta pale mlangoni, akaandika kosa: mtungi uwe karibu na msumeno, moto unakoweza kuanzia. Fundi akatoa ile karatasi ya kwanza. Mkaguzi akaisoma yote, akamrudishia, akasema, "Hiyo ni ofisi nyingine." Fundi akanunua mtungi wa pili. Yangeishia hapo, ila mkaguzi wa tatu akadai cheti cha ukaguzi kwa kila mtungi, na kila cheti kina ada yake. Wote watatu walikuwa wapole, wamevaa vitambulisho, hawakudokeza hata neno la chai. Hilo ndilo lililonikosesha raha. Rushwa tungeishitaki. Hapa tumshitaki nani, ikiwa kila mmoja ametimiza wajibu wake?

Kampuni kubwa haihisi kero hii kama tunavyoihisi sisi. Ina mwanasheria, ina mhasibu, ina mtu ambaye kazi yake ni kupanga foleni. Fomu ya kurasa kumi na mbili ina kurasa kumi na mbili, uwe na wafanyakazi elfu au uwe na wawili. Ndiyo maana sioni ajabu wakubwa wanaponyamaza kanuni mpya inapotangazwa, wengine huisifu. Inawapunguzia washindani bila wao kunyanyua mkono.

Na yanayotupata hayana upya wowote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mchumi wa Peru, Hernando de Soto, aliwatuma watu wake mjini Lima wakasajili karakana ndogo ya ushonaji kwa kufuata sheria hatua kwa hatua. Iliwachukua siku 289. Kabla hajashona hata vazi moja la kuuza, mwenye cherehani angekuwa amekula mtaji wake kwa kusubiri. Katika hali hiyo watu hufanya wanachofanya kila mahali: wanajificha. Serikali hukosa kodi, nao hukosa mkopo na ulinzi wa mkataba, kisha wanaitwa wakwepaji.

Serikali nazo huwa na sababu, na mara nyingi sababu hizo ni nzuri siku ya kwanza. Shida yangu ni siku ya elfu tatu. Ujerumani ilianzisha kodi ya mvinyo wa mapovu mwaka 1902 ili kugharimia meli za kivita za Kaizari. Nyingi za meli zile zilizamishwa na mabaharia wake wenyewe katika ghuba ya Scapa Flow, Uskoti, mwaka 1919. Kodi ilisitishwa mwaka 1933, ikarudishwa mwaka 1939, na mpaka leo anayefungua chupa ya mvinyo huo anailipa. Nadhani hakuna waziri aliyewahi kukaa chini akaamua kwamba iendelee milele. Haikupata mtu wa kuiulizia tu.

Uingereza ilikuwa na kodi ya madirisha tangu 1696 hadi 1851: nyumba yenye madirisha mengi ililipa zaidi. Watu wakaziba madirisha kwa matofali. Madaktari walipiga kelele miaka mingi kwamba familia zinaugua kwa kukosa hewa na mwanga, lakini mapato yalikuwa yanaingia, na kodi inayoingiza mapato haikosi wa kuitetea.

Basi mwaka huu tumeacha kupeleka malalamiko moja moja, maana tulikuwa tunapigwa danadana: dirisha hili linakutuma lile, lile linakurudisha hapa, na jioni mtandao uko chini. Badala yake tumewasilisha waraka mmoja wenye madai mawili.

La kwanza, kanuni zihesabiwe. Jimbo la British Columbia, Kanada, lilifanya hivyo mwaka 2001. Lilipohesabu masharti yote yaliyowabana wananchi na wafanyabiashara, yalizidi 300,000. Wizara iliyotaka kuongeza sharti jipya ikatakiwa kufuta mawili ya zamani. Ndani ya miaka mitatu zaidi ya theluthi yalikuwa yamefutwa, na maisha yaliendelea. Kilichonivutia zaidi ni ile hatua ya kuhesabu. Tulipouliza ofisi tunazoshughulika nazo ni masharti mangapi zinayasimamia, hakuna iliyokuwa na jibu. Moja ilitujibu kwamba swali letu liwasilishwe kwa fomu maalumu.

La pili, kila kanuni na kila tozo izaliwe na tarehe yake ya mwisho. Ikifika siku hiyo, anayeitaka aje aeleze imefanya nini. Akishindwa, ife yenyewe. Katika mjadala wa kamati, mjumbe mmoja alitupinga kwa hoja nzito ambayo sitaki kuificha. Kodi ya mapato ya Uingereza ilianza mwaka 1799 kama kodi ya muda, ya kugharimia vita dhidi ya Ufaransa. Ilifutwa mwaka 1816, ikarejeshwa mwaka 1842, tena kwa muda. Hadi leo kisheria inakoma kila mwaka tarehe 5 Aprili, na Bunge huihuisha kila mwaka. Kwa hiyo tarehe ya mwisho inaweza kugeuka muhuri tu. Nakubali. Ndiyo maana waraka wetu unataka anayeomba kanuni iendelee alete hesabu ya gharama zake kwa wanaoitii, na hesabu hiyo iwekwe hadharani kabla ya kupiga kura.

Tulipata nini? Tumepokewa vizuri, tumepewa maji ya kunywa, tumeahidiwa kamati. Tozo moja iliyokuwa inalipwa katika ofisi mbili sasa inalipwa katika moja. Ni kidogo, lakini waliokuwa wanaipangia foleni mara mbili wanajua uzito wake. Yaliyobaki bado hayajajibiwa, na nitakuwa nawadanganya nikisema majibu yako njiani.

Ombi la mwisho linahusu mifuko yenu. Kazi ya kuzikusanya kanuni zote zinazotugusa na kuzipanga hatuiwezi kwa kujitolea peke yake. Tunahitaji mwanasheria wa muda. Kamati inaomba kila mwanachama achangie nusu ya ada yake ya mwaka. Rasimu ya kwanza ya azimio ilisema mchango utaendelea "hadi itakapotangazwa vinginevyo." Niliyafuta maneno hayo mwenyewe kwa kalamu nyekundu, na mwandishi wake anacheka hapo alipokaa. Azimio lililo mbele yenu linasema mchango utakoma siku ya mkutano mkuu ujao, kazi iwe imekwisha au haijakwisha. Tukihitaji zaidi tutakuja kuomba upya, tukiwa na orodha ya kanuni zilizokusanywa na risiti za kilichotumika. Katibu anagawa karatasi za kura sasa hivi.