Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wanaohangaikia kupata mtoto,

Ya hesabu mtayasikia kwa Mweka Hazina, naye ana ukali kuliko mimi kwa wanaodaiwa ada. Mikutano ya Kampala na Jinja iliendelea, wenzetu wa Arua wamepata mahali pa kukutania, na lile kundi la WhatsApp la wanaume hatimaye limeanza kuzungumza. Hilo la mwisho si dogo. Wenzi wanapokosa mtoto, karibu nusu ya mara tatizo liko kwa mwanamume, peke yake au pamoja na mkewe. Lakini anayezungushwa kwa waganga na kuletewa mke mwenza ni mwanamke.

Taarifa yangu kwa kweli ni juu ya jambo moja, lile lililotufanya tutoke kwenye mkutano wa Agosti bila kuagana vizuri: viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa na kuanza kukua, vinavyobaki baada ya matibabu.

Wapya wanisikilize kidogo. Mwanamke anayefanyiwa upandikizaji hudungwa sindano za homoni ili apevushe mayai mengi kwa mara moja. Mayai hutolewa, hurutubishwa maabara, na mara nyingi vinapatikana viinitete zaidi ya vinavyohitajika. Kimoja au viwili huwekwa katika mji wa mimba. Vingine hugandishwa katika nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na humo huweza kukaa miaka mingi. Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa njia hii mwaka 2004, miaka 26 baada ya Louise Brown, wa kwanza duniani, kuzaliwa Uingereza. Kwa hiyo suala la viinitete vya akiba tumelala nalo nyumba moja kwa miaka ishirini, ingawa tunalizungumza kama habari za ng'ambo.

Utafiti wa seli shina za binadamu kutoka kwenye viinitete, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, umeanzia kwenye akiba kama hiyo. Mwaka 1998 James Thomson na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walifaulu kuotesha seli shina za kiinitete cha binadamu. Viinitete walivyotumia vilitengenezwa kwa ajili ya matibabu ya uzazi, na wenye viinitete walivitoa kwa ridhaa. Kiinitete cha siku tano hivi kina kifungu cha seli ndani yake ambazo zinaweza kuwa moyo, neva, damu, chochote mwilini. Ukizitoa, kiinitete hicho hakiendelei tena. Ugomvi wote uko hapo.

Mwanachama mmoja wa Rubaga alisema waziwazi kwamba huko ni kuua, na Kanisa lake lina msimamo huo: Vatikani ilikataa hata upandikizaji wenyewe mwaka 1987. Hajjati wetu wa Kibuli akajibu kwamba Al-Azhar, chuo cha Kiislamu cha Misri, iliruhusu upandikizaji tangu 1980, mradi yai na mbegu ni vya mume na mke walio katika ndoa, na kwamba wanazuoni wengi wanasema roho hupulizwa siku ya 120. Mwingine akaleta Waingereza: kamati ya serikali yao iliyoongozwa na Mary Warnock ilipendekeza mwaka 1984 kwamba kiinitete kisichunguzwe maabara kupita siku 14, sheria yao ya 1990 ikalikubali hilo. Kisha ikasomwa Katiba yetu, kifungu cha 22, kinachomlinda mtoto ambaye hajazaliwa. Walioiandika mwaka 1995, nadhani, walikuwa wakifikiria tumbo la mama. Jokofu la maabara halikuwamo.

Sitawapatanisha. Chama hiki kina watu wa dini zote na hakikuundwa kutoa fatwa. Ila nitasema ninaloliona. Tunabishana iwapo mtafiti ana haki ya kukigusa kiinitete, huku wenye kiinitete hawajaulizwa kitu. Fomu za ridhaa nimeziona, za hospitali zaidi ya moja, na majina siyataji. Ziko kwa Kiingereza cha wanasheria. Sehemu ya kuhifadhi na kuharibu iko kurasa za mwisho, na wengi wenu mmeniambia mlisaini asubuhi ya kutolewa mayai, sindano ikisubiri. Ridhaa gani hiyo? Mtu aliyeuza shamba ili apate mtoto atasaini chochote utakachomwekea mbele.

Yaliyotokea Alabama, Marekani, yanafundisha. Mwaka 2020 mgonjwa mmoja aliingia chumba cha kuhifadhia, akashika viinitete vya watu, vikaanguka. Wenyewe wakashtaki, na mwezi Februari 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaamua kwamba viinitete vilivyogandishwa ni watoto mbele ya sheria ya vifo vya watoto. Kliniki kadhaa zikasimamisha matibabu kwa hofu, hata wabunge wakalazimika kupitisha kinga haraka mwezi Machi. Wasioandika sheria mapema huandikiwa na ajali.

Kwetu upo Muswada wa teknolojia ya kusaidia uzazi wa 2023, aliouandaa Mheshimiwa Sarah Opendi akiwa Mbunge Mwanamke wa Tororo. Unagusa leseni za vituo, na haki za wazazi, za watoaji mayai na mbegu, za wanaobeba mimba kwa niaba ya wengine, na za watoto. Tunaufunga mwaka 2024 ukiwa bado si sheria. Bado kuna muda wa kusema.

Neno moja pembeni. Mama wa miaka 70 alipojifungua mapacha Kampala Novemba 2023, nchi nzima ilijadili umri wake. Yai lilitoka kwa mwanamke mwingine. Sikumsikia mtu hata mmoja akiuliza watoaji wa mayai wanalindwaje, ilhali zile sindano za homoni zinaweza kuvimbisha mifuko ya mayai hadi mtu alazwe.

Na wanaouza vidonge vya "seli shina" kwenye mikutano yetu, wasirudi. Matibabu ya seli shina yaliyothibitika ni hasa yale ya uboho kwa magonjwa ya damu. Hata tiba mpya ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza mwaka 2023 hutumia seli za mgonjwa mwenyewe. Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha tangu 2006, kwa panya, kwamba seli ya kawaida inaweza kurudishwa katika hali ya seli shina. Kwa hiyo si kila utafiti wa seli shina unakula kiinitete, na anayepinga huo wa viinitete hana sababu ya kuupinga wote.

Kamati inaleta pendekezo moja lipigiwe kura, kisha tulipeleke Bungeni. Uamuzi juu ya viinitete vinavyobaki uwe na fomu yake, mbali na ya matibabu, isainiwe siku nyingine, kwa lugha ambayo wenzi wanaielewa. Waweze kuchagua kuvihifadhi, kuviacha viishe, au kuvitoa kwa utafiti uliopitishwa na kamati ya maadili, na waweze kubadili nia kabla ya kutumika. Asipewe mtu punguzo la bei kwa kuvitoa. Asiyekubali utafiti kwa imani yake atibiwe sawasawa na mwingine.

Rasimu iko kwa Katibu, kwa Kiswahili, Luganda na Lugbara. Kura ni baada ya taarifa ya Mweka Hazina, na ambao hawajalipa ada wamwone kwanza.