Jeni za ndege zilizodhaniwa kupotea

Mpendwa Rehema,

Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya pamoja na wote nyumbani. Sisi huku hatujambo. Umeniuliza kama ni kweli kwamba ndege walipoteza mamia ya jeni ambazo wanyama wengine wenye uti wa mgongo wanazo, na kama uwafundishe hivyo wanafunzi wako wa kidato cha sita. Ningekushauri usubiri kidogo, kwa sababu zipo zilizopotea kweli, lakini nyingi zilikuwamo siku zote, ila mashine za kusoma DNA zilishindwa kuzisoma.

Kisa kinacholieleza jambo hili vizuri ni cha leptini, ile homoni ya shibe iliyogunduliwa katika panya mwaka 1994. Miaka michache baadaye watafiti walitangaza kwamba wameipata leptini ya kuku, nayo ilifanana na ya panya karibu herufi kwa herufi, jambo lililowatia wengine shaka, kwani haiyumkiniki protini ibaki vilevile baada ya kuku na panya kuachana kwa zaidi ya miaka milioni 300. Jenomu ya kuku wa mwituni, yaani DNA yake yote, ilipochapishwa mwaka 2004, jeni hiyo haikuonekana kabisa, na ubishi ukaendelea kwa miaka kumi. Mwaka 2014 leptini halisi ya ndege ikapatikana kwa ndege mwindaji aitwaye kozi na kwa njiwa, na mwaka 2016 kwa kuku mwenyewe, ikiwa imejaa G na C, mbili kati ya herufi nne za DNA (A, T, G na C), na ikiwa na mfanano mdogo tu na ile ya panya.

Wingi huo wa G na C ndio kiini cha tatizo. Unajua kwamba G na C hushikana kwa vifungo vitatu vya haidrojeni, ilhali A na T hushikana kwa viwili. Katika njia zilizotumika kwa miaka mingi, DNA hukatwa vipande vifupi na kurudufishwa kabla ya kusomwa. Nyuzi mbili za vipande vyenye G na C nyingi huwa ngumu kuachana zinapopashwa joto, na zikiachana hujikunja zenyewe, kimeng'enya kinachorudufisha kikakwama katikati. Nakala za vipande hivyo huwa chache, na programu inayounganisha vipande huacha pengo mahali pale. Mwaka huohuo wa 2014, orodha ya jeni 274 zilizodhaniwa kutoweka kwa ndege ilitolewa kutokana na jenomu zilizosomwa kwa namna hiyo, na haukupita muda mrefu watafiti wengine wakaanza kuzipata nyingi kati yake katika RNA ya kuku, yaani nakala ambazo seli hutengeneza kutokana na jeni zinazotumika. Mvuvi mwenye wavu wa matundu makubwa hawezi kuapa kwamba ziwani hamna dagaa. Hata TNF-alfa, protini muhimu ya kinga, ilithibitishwa kwa kuku mwaka 2018 tu. Mashine za siku hizi, zinazosoma molekuli moja ndefu bila kuirudufisha, zimeziba mengi ya mapengo hayo.

Sasa nije kwenye protini, ambako naona watu wengi wanateleza. Kuku ana jozi 39 za kromosomu, na nyingi ni ndogo sana. Kila jozi, hata iwe fupi namna gani, kwa kawaida hubadilishana vipande angalau mara moja wakati wa kutengeneza mayai na mbegu, kwa hiyo katika kromosomu ndogo mabadilishano hayo ni ya mara kwa mara kwa kila urefu wa DNA. Pale nakala mbili zinapotofautiana, urekebishaji huelekea kuchagua G au C badala ya A au T, bila kujali kama protini inanufaika. Chukua kodoni (herufi tatu zinazotaja asidi amino moja ya protini) AAA ya laisini: herufi ya kati ikigeuka G, unapata AGA, yaani arginini, asidi amino nyingine. Jambo hilo likirudiwa kwa mamilioni ya miaka, protini hujaa glisini, alanini, arginini na prolini, kisha mtafiti anayelinganisha spishi huona mabadiliko mengi na kutangaza kwamba uteuzi asilia umefanya kazi kwa kasi. Mimi sikubali hitimisho la aina hiyo mpaka nioneshwe kwamba msukumo huu wa G na C umezingatiwa katika hesabu, maana nguvu ileile iliyoificha jeni ndiyo inayoweza kuifanya ionekane kama inakimbia.

Ukitaka kuwapa wanafunzi mfano wa upotevu wa kweli, wape jeni za gamba gumu la meno. Ndege hawana meno, na mabaki ya jeni hizo yamo bado katika DNA yao, yakiwa yamevunjika kwa herufi zilizofutika au kuongezeka, katika spishi moja baada ya nyingine. Ushahidi wa namna hiyo, mabaki yanayosomeka au jeni jirani zilizosomwa pande zote mbili bila pengo, ndio ninaoudai kabla ya kuandika kwamba jeni fulani haipo.

Wasalimie wote hapo shuleni.

Rafiki yako,
Zuhura