Mnamgombeza mtu siye

Wazazi wenzangu wa shule za kutwa nchini Kenya,

Salamu. Mimi ni mwalimu mstaafu, na siku hizi kazi yangu ni kukaa kwenye benchi la duka linalotazamana na lango la shule ya upili ya kijijini kwetu. Kila muhula ukifunguliwa naona mchezo uleule. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa pesa za chakula, mama kamshika mkono kamrudisha, na pale langoni anamfokea mwalimu mkuu: "Si masomo ni bure? Mmekula pesa!" Mwalimu mkuu anatazama viatu vyake.

Kiti chake nimekikalia. Kwenye droo mna bili ya maharagwe aliyokopa muhula uliopita, bili ya stima, na majina ya walimu walioajiriwa na bodi ambao hawajaona mshahara.

Hebu tupige hesabu. Tangu 2018, mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi wa kutwa ni shilingi 22,244 kwa mwaka: nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, 20 wa tatu. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba serikali haiumudu mzigo wote. Kilichokuwapo wakati huo ni kama 17,000 kwa kila mtoto. Baadaye wakubwa wakatuhakikishia kwamba masomo ya bure yapo palepale. Haya, yapo. Lakini shule ya watoto 400 ikipungukiwa 5,000 kwa kila mmoja, hizo ni milioni 2 zimeyeyuka. Na hata zingekuja zote, nani kati yenu ananunua gunia la mahindi kwa bei ya 2018?

Sisemi walimu wakuu ni malaika. Niliwahi kufanya kazi chini ya mmoja aliyejijengea nyumba kwa pesa za maabara. Nyumba imeezekwa, maabara haijafika hata linta. Kwa hiyo ombeni vitabu. Mna wawakilishi kwenye bodi. Waulizeni zimeingia ngapi, tarehe gani, kwa wanafunzi wangapi. Hapo kwenye idadi ya wanafunzi msikilize kwa makini. Kwa miaka mingi mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hakuingia kwenye NEMIS, mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi, na asiyeingia hakuletewa hata ndururu. Dawati anakalia, uji anakunywa, mgao hana. Kama cheti cha mwanao bado, hilo si la mwalimu mkuu, ni lako.

Mkishaona vitabu, kelele zenu zipelekeni zinakotakiwa. Makadirio ya bajeti hufikishwa Bungeni kabla Aprili haijaisha, na Kifungu cha 221 cha Katiba kinaitaka kamati ya Bunge isikilize maoni ya wananchi. Wakati huo sisi tuko shambani. Tunazinduka pesa zikishakatwa, kisha tunamvamia mtu ambaye hata yeye amezikosa. Makadirio ya 2025/26 yalikuja bila pesa za mitihani ya kitaifa. Watu wakapiga mayowe mapema, pesa zikapatikana. Mayowe yaleyale yakipigwa Januari langoni hayamfikii yeyote Nairobi.

Na mbunge akija na hundi ya basari, punguzeni vigelegele. Basari ni ya watoto wachache aliowachagua, makato ni ya wote. Muulizeni, akiwa bado ameshika kipaza sauti, alisema nini siku mgao ulipojadiliwa. Kama hakuwapo, atueleze alikuwa wapi.

Wewe mama uliyekuwa langoni Jumatatu, mtoto wako alikula kwangu, usihangaike kurudisha. Katibu wa bodi ni jirani yangu, na amekubali hesabu za muhula zisomwe kwa sauti kwenye mkutano ujao wa wazazi, kabla ya jambo jingine lolote. Njoo ukae mbele. Nitaleta miwani na kikokotoo.

Mwalimu mstaafu, wa benchi la dukani